Kiu Ndani ya Udongo Uliolowa

Jumatatu, 3 Machi

Natalie, mjukuu wangu, wewe ulifunzwa adabu na nani? Daftari la kurasa mia na ishirini, umeandika hesabu kurasa tisa, ukachora kucha za wanawake kurasa mbili, halafu ukalitupa chini ya kitanda changu kama ganda la ndizi, ukarudi chuo huko Nakuru. Mimi nilisoma hadi darasa la nne. Daftari moja tuligawana watoto wawili, mmoja anaanza mbele, mwingine anaanza nyuma, tukikutana katikati tunapigana. Sasa nimelichukua. Ukirudi, usiliulize.

Wawira, katibu wa kikundi chetu, amesema mwenyekiti lazima aandike habari za nasari ya miche, kwa sababu mwaka jana baridi iliua miche na hakuna aliyekumbuka ni siku gani. Mwenyekiti ni mimi. Kwa hivyo naandika.

Tuko wanawake kumi na wanne hapa Kabazi. Saba ni Wakikuyu kama mimi, saba ni Wakalenjin. Tulianza baada ya ile fujo ya uchaguzi, wakati hakuna aliyeweza kumwomba jirani hata kibiriti. Ni mimi na Chepkurui tulioanza. Shamba lake na langu yametenganishwa na ua wa miti tu. Tulikubaliana miche ya kabichi na sukuma iote mahali pamoja, mvua ikishuka tugawane sawa, asiwe mtu ana mboga na jirani yake hana. Imekuwa miaka kumi na saba.

Matuta ni matatu. Miche imeota vizuri. Jua ni kali.

Jumatano, 5 Machi

Jua. Zamu ya Waithera kunyunyiza maji. Alifika saa nne, kama bibi harusi.

Jumamosi, 8 Machi

Leo alikuja msichana wa ofisi ya kilimo, gamubuti zake safi kabisa, kutufundisha mbolea ya maji. Samadi unaitia guniani, unaizamisha ndani ya pipa, unangoja wiki mbili. Hayo nayajua. Pipa langu la samadi ya kuku limekaa tangu mwezi wa pili, linanuka mpaka mbwa wanalizunguka.

Halafu akasema tusimwage ikiwa hivyo. Kopo moja la pipa, makopo kumi ya maji, mpaka ifanane na chai hafifu.

Nikamwuliza, "Nyumbani kwenu, mgeni akija, mnampa chai ya namna hiyo?"

Watu walicheka sana. Kwangu chai ni ya maziwa, na inajua kwamba ni ya maziwa. Yeye pia alicheka, lakini akasema, "Mama, mche si mgeni."

Hilo jibu sikulipenda. Chepkurui naye alikuwa anarudia polepole, "Moja kwa kumi, moja kwa kumi," kama mtoto wa Sunday school. Nikamwambia, "Mama Kipketer, utaota hiyo usiku." Akasema, "Afadhali niiote kuliko niisahau."

Jumanne, 11 Machi

Miche imeanza kuwa ya manjano kwa pembeni. Jumamosi wanachama wote watakuja kuikagua, na nani atasimama mbele akiulizwa? Mimi. Sitaonekana na miche kama watoto wenye minyoo.

Zamu ilikuwa yangu. Tangi la kikundi limebaki na matope tu chini. Nikatia kwenye pipa langu gorogoro mbili, yale makopo ya kupimia unga, za ile mbolea nyeupe ya dukani ya kukuzia mahindi, nikakoroga hadi ikayeyuka, nikamwagia. Sikupunguza hata tone. Tuta la kwanza na la pili yalishiba. La tatu lilipata kidogo, masalia nikayaacha chini ya pipa. Mtoto mwenye njaa humpi uji wa maji.

Jumatano, 12 Machi

Nilienda kliniki Subukia kwa sababu ya magoti na presha. Daktari ni kijana hata ndevu hana. Ameniambia nipunguze chumvi. Siku hizi kila mtu ananiambia nipunguze.

Alhamisi, 13 Machi

Miche imekufa.

Tuta la kwanza, lote. Tuta la pili, lote. Imelala chini kama nywele zilizolowa, majani yamejikunja, pembe zimeungua rangi ya kahawia. Nilifikiri ni ukavu. Nikaingiza kidole udongoni, udongo umelowa. Nikaingiza hadi kifundo cha pili, bado umelowa. Miche imekufa kwa kiu na miguu yake iko ndani ya maji. Nimelima tangu nikiwa msichana na sijawahi kuona jambo kama hilo.

Tuta la tatu limechoka lakini limesimama.

Waithera alikuja mbio na kanga begani. Akaniambia kwamba jana, nikiwa Subukia, zamu ilikuwa ya Chepkurui, na alimwona akibeba mitungi kutoka kwake. Kutoka kwake, si kwenye tangi. Safari nne au tano, peke yake, akiinama kwenye matuta.

"Mitungi gani?"

"Ile ya njano, na nafikiri na ule wa bluu."

Ule wa bluu ndio Chepkurui hubebea dawa ya kupe akipeleka kondoo josho. Waithera hakusema zaidi. Alinitazama tu, na mimi nikamaliza mwenyewe.

Jumamosi, 15 Machi

Nimesema. Wote walikuwepo.

Nilimsimamisha Chepkurui mbele ya yale matuta. "Mama Kipketer, Jumatano ulibeba nini kwenye mitungi?"

"Maji."

"Ya wapi?"

"Ya kisima changu. Tangi lilikuwa tupu. Nilikuta miche imeanza kulala."

"Na kwa nini tuta la tatu ndilo halikufa?"

"Hilo ndilo niliwahi. Maji yaliishia hapo."

"Na mtungi wa dawa ya kupe?"

Akanitazama. Ana macho ya kutulia, huyo mwanamke, na leo yalinichoma. "Huo uko nyumbani, Mama Karanja. Unanijua."

Nikasema, "Nilifikiri nakujua. Hao watu huwezi kuwajua, hata ukila nao miaka kumi na saba."

Emmy, mke wa mtoto wa Chepkurui, ambaye pia ni mwanachama, akasema, "Shosho, hilo neno ulilosema ni zito." Nikamwambia yeye ni mtoto, akae. Hakukaa. Chepkurui alichukua jembe lake kwenye banda, akaondoka. Emmy akamfuata. Halafu wale Wakalenjin wengine watano, mmoja mmoja, kila mmoja na jembe lake.

Tulibaki saba. Waithera akasema nimekuwa jasiri.

Jumatatu, 17 Machi

Mawingu, lakini ni ya uongo.

Neno limefika kwenye kinu cha posho. Limefika kanisani. Limefika shule.

Jumatano, 19 Machi

Kuku mweusi ametaga. Magoti.

Ijumaa, 21 Machi

Chepkurui huuza maziwa. Kila asubuhi alikuwa anapeleka lita ishirini kwa mpishi wa shule, na nyumba nane au tisa hapa barabarani humchukulia. Wawira ananiambia mpishi amemkataa. Nyumba zote zimemkataa, hata zile mbili za watu wake zinaogopa. Wanasema, ikiwa aliweza kuwekea miche dawa, ataweka nini kwenye maziwa.

Mimi sikusema habari ya maziwa. Lakini sikusema pia wasiseme.

Jioni alikuja Gathogo, mzee wetu wa nyumba kumi. Alikataa kuketi. "Mama Karanja, kuna vijana wameanza kuongea vibaya kwa pande zote mbili. Tulizika watu hapa. Una ushahidi, ama una hasira?"

"Nina ushahidi."

"Basi ulete. Kama huna, ufunge mdomo kabla haujatufungulia kitu kingine."

Hakuna mtu aliyeniambia nifunge mdomo tangu marehemu mume wangu, na yeye alijaribu mara moja tu. Ushahidi nitauleta.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeenda shule ya upili huko juu na miche iliyokufa nimeifunga kwenye gazeti, pamoja na mkebe wa udongo. Kwenye maabara yao kuna Khaemba, mtu wa Bungoma, ambaye huchukua kwangu viazi vikubwa kila muhula, ati vya mtihani wa wanafunzi. Sijawahi kuelewa ni mtihani gani unafanywa na kiazi.

"Mwalimu," nikamwambia, "nitafutie sumu hapa ndani."

"Mimi si mwalimu, mathe. Mimi ni wa kuosha chupa zao." Akanusa udongo. Akanusa tena. Akaushika kwa vidole, akaugusisha kwenye ulimi wake, akatema. "Dawa ya kupe haina harufu hii. Hii inanuka kuku. Mnanyunyizia nini?"

"Mbolea ya maji. Ya pipa langu."

"Mnaipunguza?"

"Kupunguza ni kwa watu bahili."

Hakucheka. Akasema nimletee chupa moja ya hilo pipa. Nikamwambia pipa halina shida, nataka sumu. Akasema, "Mathe, ukitaka kujua nani amekula nyama, unaangalia meno yote, hata yako." Maneno ya ushenzi. Lakini nilirudi na chupa, kwa sababu nilitaka karatasi yenye mhuri ya kumpelekea Gathogo.

Alikata kiazi changu kimoja vipande vinne, virefu kama kidole, akavipima kwa rula hadi vikalingana. Akaweka glasi nne. Ya kwanza maji matupu. Ya pili maji yenye pipa kidogo, moja kwa kumi. Ya tatu nusu kwa nusu. Ya nne pipa lenyewe, kama nilivyomwaga. Kila glasi kipande kimoja. Akaniambia nirudi kesho.

Jumanne, 25 Machi

Sijui niandikeje. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Khaemba alitoa vipande akavilaza kwenye karatasi nyeupe mbele yangu. Kile cha maji matupu kilikuwa kimekuwa kirefu kuliko jana, kigumu, ukikipinda kinavunjika na kutoa sauti. Cha pili kilikuwa karibu vilevile. Cha tatu kimelegea. Cha nne akakishika upande mmoja kwa vidole viwili, na upande mwingine ukaanguka chini kama kamba ya kiatu. Kimepungua urefu na kimepungua unene. Kiazi changu mwenyewe, nilichochimba kwa mikono hii.

"Kimekunywa pipa kikalewa?" nikamwuliza. Nilikuwa natafuta mzaha.

"Hakikunywa kitu, mathe. Kimenyonywa."

Akanieleza polepole, na nitamshukuru kwa kutonifanya mjinga. Kiazi, mzizi, jani, vyote vimejengwa kwa vyumba vidogo sana ambavyo macho hayavioni. Wanaviita seli. Ndani ya kila chumba kuna maji yenye chumvichumvi yake na sukari yake. Kila chumba kina ngozi nyembamba, na hiyo ngozi inaruhusu maji kupita, lakini chumvi inazuiwa mlangoni. Sasa maji yana tabia moja. Huenda upande ule ulio mzito. Nje kukiwa kwepesi kuliko ndani, maji yanaingia, chumba kinajaa, mche unasimama wima. Nje kukiwa kuzito kuliko ndani, maji yanatoka chumbani kwenda nje, chumba kinanywea, mche unalala. Hata ukisimama kwenye bwawa utalala, ikiwa bwawa ni zito.

Nikasema, "Kama kitunguu cha kachumbari."

"Kabisa. Ukikisugua na chumvi kinatoa nini?"

"Maji."

"Ya nani?"

"Yake mwenyewe."

Niliuza mboga soko la Nakuru miaka kumi na moja. Sukuma ikinyauka mchana, nilikuwa naizamisha kwenye karai la maji matupu, na baada ya saa moja inasimama kama imekatwa sasa hivi, nawauzia watu wa mjini. Nimefanya hivyo maelfu ya mara. Mikono yangu ilijua jambo hili kabla Khaemba hajazaliwa. Kichwa changu ndicho kilikataa kusikia.

Bado nikabisha. Aibu haikubali haraka. Nikasema kiazi si mche, labda kiazi ni kiazi tu. Akachukua kitunguu chekundu, akabandua ngozi yake ya zambarau, nyembamba kama karatasi ya sigara, akaiweka chini ya ile mashine ya kutazamia vitu vidogo, hadubini, akaniambia nifumbe jicho moja.

Nikaona vyumba. Vimepangwa kama matofali yaliyojengwa na fundi mzuri, na kila kimoja kimejaa rangi ya zambarau mpaka ukutani. Nikasema ni vizuri sana, kwa sababu vilikuwa vizuri sana. Halafu akaweka tone moja la pipa langu pembeni. Nikangoja. Jicho lilianza kunitoka machozi lakini sikulitoa. Ile rangi ikaanza kujitoa ukutani. Polepole, chumba baada ya chumba. Kuta zilibaki pale pale, na ndani yake rangi ikajikunja katikati kama mtoto aliyepigwa na mtu wa nyumbani.

Khaemba akauliza, "Nikuandikie ile karatasi ya mhuri?"

Nikamwambia hapana.

Nilipofika mlangoni nikamwuliza, kama mtu angemwagia miche hiyo maji matupu mapema, ingepona?

"Mapema, ndiyo. Maji mengi yanaosha ule uzito, vyumba vinajaa tena. Ukichelewa, ile ngozi inapasuka. Hapo hakuna kurudi."

Mitungi minne au mitano. Peke yake, akiinama. Alianzia tuta la tatu kwa sababu ndilo lililokuwa bado na uhai.

Jumatano, 26 Machi

Nimepika. Sikula.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua imeanza leo, ya kweli, kutoka upande wa Subukia, na vipande vya barafu vidogo. Wote wanapanda mahindi. Hakuna anayepanda kabichi.

Natalie alipiga simu. "Shosho, uko sawa? Sauti yako iko chini." Nikamwambia ni network.

Ijumaa, 28 Machi

Nilimwona Chepkurui kupitia ua. Alikuwa anamwaga maziwa kwenye sufuria ya mbwa. Nikainama kama naokota kuni. Mimi, mwanamke wa miaka sabini na mbili, nikainama nyuma ya miti nijifiche jirani, na kuni hazikuwepo.

Jumapili, 30 Machi

Kanisani, mke wa mchungaji, mmoja wa sisi saba tuliobaki, aliniombea. Alishukuru Mungu kwa macho ya mwenyekiti yanayolinda kazi ya akina mama. Watu wakasema Amina.

Na mimi nikasema. Niandike hivyo hivyo nisije nikajidanganya baadaye: siku tano baada ya kujua, nilisema Amina.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Nimesafisha pipa. Nilipolisugua nikagundua kwamba sisikii hasira kwa mtu yeyote, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hasira ndiyo ilikuwa fimbo yangu ya kutembelea.

Waithera alipita. "Mama Karanja, umesikia? Wamemwambia asipitishe kondoo kwenye njia ya shule." Alikuwa amefurahi kama mtu aliyeletewa nyama. Nilitaka kumfokea. Halafu nikakumbuka kuwa yeye alisema tu "nafikiri". Mimi ndiye niliyesema "najua".

Jumatano, 2 Aprili

Nimeenda.

Nilizunguka kwa lango, sikupita kwenye ua. Kwa miaka kumi na saba nimekuwa nikipita kwenye ua. Emmy alikuwa uani anaanua nguo. Akaniona, akaingia ndani bila kunisalimia, na alikuwa na haki. Chepkurui alikuwa anakamua. Hakusimama.

"Mama Kipketer."

"Ng'ombe huyu akishtuka anapiga teke. Ongea polepole."

Nikaongea polepole. Nikamweleza pipa, gorogoro mbili, kiazi, kitunguu, yote. Nilijua nitalia na sikutaka kulia mbele ya ng'ombe, kwa hivyo nilikuwa naongea kama mtu anayesoma orodha. Nikamaliza kwa kusema, "Ni mimi niliyeua miche. Wewe ndiye uliyeokoa tuta la tatu."

Aliendelea kukamua. Maziwa yalikuwa yanapiga ndoo. Halafu akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Nilijua ile Jumatano. Udongo ulikuwa unanuka pipa lako mpaka barabarani. Kulikuwa na punje nyeupe ambazo hazijayeyuka. Nilisema huyu mama ameipa miche chai yake."

Nikahisi kama nimevuliwa nguo. "Basi kwa nini hukusema? Jumamosi, mbele ya watu, kwa nini hukusema?"

Hapo ndipo aliacha kukamua. "Ningesema, halafu? Mkalenjin anamwambia mwenyekiti Mkikuyu mbele ya wote, wewe ndiye mwovu. Ungekubali?"

Nikatazama kwato za ng'ombe.

"Usingekubali. Ungepiga kelele zaidi, na wale vijana wangepata sababu pande zote mbili. Nikasema, nikinyamaza, ni mimi peke yangu nitaumia. Nikisema, ni vijiji viwili." Akafuta mikono kwa sketi. "Nilifikiri utajua mwenyewe kwa siku mbili tatu. Umechukua wiki tatu, Mama Karanja. Umezeeka."

Nilipiga magoti. Haya magoti yangu, kwenye mavi ya ng'ombe. Akaniambia, "Simama, utanifanya nikubebe." Nikamwambia siwezi kusimama bila kusaidiwa. Akanivuta kwa mkono mmoja, na tukakaribia kucheka, lakini hatukucheka.

Nikasema, "Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini msamaha hauuzi maziwa." Akaonyesha ndoo. "Hizi lita zote ni za ndama na mbwa. Mbwa wangu wamenona kuliko mimi. Neno lilitoka kwenu likiwa na miguu, likaingia kila nyumba. Wewe umekuja kwangu peke yangu, saa kumi, wakati barabarani hakuna mtu. Mimi nilikuwa najua tayari. Unaniambia mimi ili iweje?"

Hakuna mchungaji aliyewahi kunihubiria hivyo.

Jumamosi, 5 Aprili

Nilimtuma Wawira kuwaita wanachama wote. Chepkurui hakuja. Emmy na wale watano walikuja, lakini walisimama nje ya ua wa nasari na majembe begani, kama watu wanaopita tu. Gathogo naye alikuja, nilimwita.

Niliweka glasi mbili juu ya mtungi uliopinduliwa, na vipande viwili vya kiazi nilivyovilaza jana, kimoja maji matupu, kimoja maji ya mbolea kama nilivyoikoroga ile siku. Nikavipitisha mkono kwa mkono, hata juu ya ua. Kila mtu akapinda. Cha kwanza kilivunjika mikononi mwa Emmy. Cha pili kilizunguka wote bila kuvunjika, kimelegea, na kila aliyekishika alikunja uso.

Nikasema, "Hicho ndicho nilifanyia miche yenu. Hakukuwa na dawa ya kupe. Kulikuwa na mimi. Chepkurui aliona na alijaribu kuiosha kwa maji ya kisima chake, na kwa hilo nikamwita mwuaji. Na nikasema 'hao watu'. Hilo halikutoka kwenye pipa. Hilo lilikuwa ndani yangu, na nilifikiri lilikufa miaka kumi na saba iliyopita."

Waithera alikuwa wa kwanza kusema. "Lakini Mama Karanja, si lazima tuaibike hivyo. Tunaweza kusema ilikuwa ugonjwa wa miche. Watu watasahau."

"Watasahau nini? Maziwa?"

"Wewe ni mzee. Watu watakucheka kila mahali."

"Wacha wanicheke. Mimi sina maziwa ya kuuza."

Mke wa mchungaji alisema shetani ndiye aliyetutembelea. Nikamwambia shetani hana gorogoro. Gathogo alicheka peke yake, akajifanya anakohoa.

Emmy akaongea kutoka nje ya ua. "Shosho, sisi tumesikia. Lakini si sisi tulioyakataa maziwa ya mama. Tukirudi hapa leo, tutakuwa tumefanya ionekane kwamba imeisha, na haijaisha."

Ni msichana wa miaka ishirini na sita, na alikuwa sahihi kuliko sisi wote tuliokuwa ndani. Nikajiuzulu uenyekiti. Wawira akaandika. Wakaondoka, na tukabaki wale wale saba na tuta moja.

Jumapili, 6 Aprili

Mimi si mwenyekiti tena, lakini ninyi sita bado mnaniogopa, na hiyo itatumika kwa mara ya mwisho. Wawira, uinakili karatasi hii mara sita, kila mmoja apate yake leo baada ya kanisa, asiseme hakusikia.

Tuta la tatu lisigawanywe. Miche yote ipelekwe kwa Chepkurui na wenzake sita, kila shimo maji matupu. Yale matuta mawili yaachwe yapigwe na mvua mwezi mzima kabla mtu hajatia mbegu humo.

Waithera, neno ulilipeleka kinu cha posho. Kesho urudi huko, foleni ikiwa ndefu, useme kwa sauti ile ile uliyosemea kwanza kwamba ni mimi, si yeye. Mama mchungaji, uliniombea kwa kipaza sauti, Jumapili ijayo urekebishe kwa kipaza sauti. Wawira, wewe uende kwa mpishi wa shule na usiondoke mpaka akuahidi kuzichukua zile lita ishirini. Mimi nitaenda josho Alhamisi, siku ya kuogesha, wanaume wao wote wakiwepo. Nitasimama pale peke yangu, nitasema, na wakinitukana nitangoja wamalize.

Na Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wote sita, pamoja na mimi, kila mmoja na kikombe chake kutoka nyumbani, tuwe langoni kwa Chepkurui. Tumwombe maziwa. Akikataa, tungoje. Akikubali, tutoke nayo hadi barabarani, watoto wa shule wakipita na mama zao, tusimame pale mahali pa kuonekana, na kila mtu anywe kikombe chake mpaka kiishe. Asiye na tumbo la maziwa, anywe hivyo hivyo.